Saturday Night Live msimu wa 50: vipande vya kuwekea bando ukiwa Kigoma

Kwangu msimu huu wa Saturday Night Live, kipindi cha Kimarekani cha maigizo mafupi ya kuchekesha, unapata nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya mwigizaji wake Ego Nwodim peke yake. Una vipindi 21, kuanzia 28 Septemba 2024 alipoalikwa Jean Smart hadi 17 Mei 2025 alipofunga Scarlett Johansson. Anayekushauri uangalie vyote tangu mwanzo hadi mwisho hajui bei ya bando. Chagua vipande.

Ubora wa kipindi hiki unapanda na kushuka kutokana na namna kinavyotengenezwa. Jumatatu mgeni wa wiki, yaani nyota aliyealikwa kukiongoza, anakutana na waandishi, Jumanne wanaandika hadi alfajiri, Jumatano wanasoma mezani maigizo kama arobaini na kubakiza machache. Jumamosi saa mbili usiku wanayacheza mbele ya watu ukumbini, yaliyopwaya yanakatwa, kisha saa tano na nusu wanaingia hewani mubashara kutoka New York. Kwa hiyo mistari hubadilishwa hadi dakika za mwisho, na waigizaji husoma kadi kubwa zilizoandikwa kwa mkono, zinazoshikwa kando ya kamera. Ukiwaona wanaongea huku macho yako pembeni, sababu ni hiyo. Mwanzoni inaudhi, baada ya vipande vitatu vinne unaizoea.

Kwa saa zetu inakuwa Jumapili asubuhi: saa kumi na mbili na nusu, kabla jua la Kigoma halijachomoza vizuri, na saa moja na nusu kuanzia Novemba hadi mapema Machi, Wamarekani wanaporudisha saa nyuma. Hakuna haja ya kuamka. Vipande vinawekwa YouTube kimoja kimoja, vingi vya dakika nne hadi saba. Ukishusha ubora hadi 360, dakika moja inakula takriban MB 5, yaani kipande kizima ni kama MB 30. Usipoteze MB kwa ubora wa juu, maana ni watu wanaongea tu. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, lakini usiyageuze kuwa Kiswahili cha mashine: utani unakufa palepale.

Anza na kipindi cha mwimbaji Ariana Grande, 12 Oktoba 2024. Kuna igizo la harusi ambamo wasimamizi wa bibi harusi wanaimba hotuba badala ya kuisoma, kwa sauti mbovu za makusudi, na kila ubeti unafichua zaidi alichokifanya bibi harusi safarini na mwanamume anayeitwa Domingo. Bwana harusi amekaa hapo anasikiliza. Aliyewahi kukaa kwenye sherehe ambayo MC amepoteza usukani ataelewa bila kamusi. Na kumsikia Grande, mwenye sauti ile, akiimba nje ya ufunguo kwa umakini ni burudani tosha.

Kinachofuata ni cha wiki moja kabla yake, 5 Oktoba: mchekeshaji Nate Bargatze kama Jenerali George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, akiwaeleza askari wake ndani ya mashua ndoto zake kuhusu Kiingereza cha taifa jipya, ambacho hakina mantiki. Anaongea polepole, bila kupaza sauti, kwa hiyo hata Kiingereza cha kuungaunga kinatosha. Mwangalie Kenan Thompson, aliye kwenye kipindi tangu 2003: anauliza swali kuhusu watu weusi, jenerali anahamia mada nyingine. Igizo zima linabebwa na kile kimya.

Sehemu ya habari za uongo, Weekend Update, ndiyo imara kuliko zote. Tafuta ya 21 Desemba 2024, watangazaji wake Colin Jost na Michael Che wanapoandikiana utani ambao msomaji hajauona kabla ya kuusoma hewani. Che anamtwika Jost utani kuhusu mke wake mwenyewe, Scarlett Johansson, na kamera inamwonyesha mama huyo akiusikiliza nyuma ya jukwaa. Halafu ya 12 Aprili 2025: Nwodim anaigiza mchekeshaji anayeachia sentensi ikiwa wazi, ukumbi unaimalizia kwa tusi, na tusi linaruka hewani mubashara. Hilo haliandikwi kwenye kadi. (Usiicheze kwa spika mbele ya wazee.)

Udhaifu mkubwa ni siasa za kufungulia kipindi. Hadi uchaguzi wa Novemba 2024 zilimtegemea Maya Rudolph kama mgombea urais Kamala Harris, na tarehe 2 Novemba Harris halisi akatokea wakatazamana kama kwenye kioo. Harris aliposhindwa na Trump, mzigo ulimwangukia James Austin Johnson, anayemwiga Trump kwa usahihi wa kutisha: si sauti tu, hata ile tabia ya kuanza sentensi moja na kumalizia tatu. Shida ni kwamba utani unategemea habari za wiki hiyo ya Washington. Ukiuangalia miezi baadaye, huku Mwanga au Ujiji, nusu yake unahitaji maelezo. Waliokulia Orijino Komedi watatambua ufundi wa kuiga viongozi, ila hawatacheka sana. Ruka.

Mchekeshaji Dave Chappelle, 18 Januari 2025, alisimama peke yake kwa kama dakika 17. Ni karibu MB 85, na zinalipa, lakini Kiingereza chake ni cha mtaani.

Sherehe ya miaka 50, ya 16 Februari 2025, haimo katika vipindi 21. Inazidi saa tatu na imejaa nyuso za zamani zinazorudia wahusika wao. Kama hujawahi kuwaona kina Eddie Murphy na Will Ferrell humo, iache mwisho kabisa.