Kuosha nyumba kwa nje Mwanza: ununue nini, ukodi nini, uache nini dukani

Masika yakiisha, mwezi wa sita, ndipo kuta za Mwanza zinaposema ukweli. Karibu na msingi kuna mkanda wa udongo mwekundu uliorushwa na matone ya mvua. Upande usiopata jua kuna kuvu nyeusi na ukijani unaoteleza ukiugusa. Na kama unakaa Bwiru, Kirumba, Luchelele au popote ambapo taa ya baraza lako inaonekana kutoka ziwani, chini ya paa kuna tando za buibui zilizonasa vijidudu vya ziwani mpaka zimekuwa kama blanketi chafu.

Huo ni uchafu wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake. Tatizo ni kwamba wengi tukifika duka la vifaa vya ujenzi tunauliza kitu kimoja tu: "Mashine ya presha mnayo?" Mimi pia nilianzia huko, na ukuta wangu ukanilipisha.

Nilimwita kijana wa kuosha magari, akaja na mashine yake ya injini. Nikamwuliza kama haitaharibu rangi. "Bosi, hii inaosha Fuso, itashindwa na ukuta?" Haikushindwa. Ilibandua rangi vipande vya ukubwa wa kiganja, ikachimba plasta pembeni mwa dirisha, na maji yakapita chini ya fremu mpaka kwenye kochi. Kuvu yenyewe ilitoka siku hiyo, mvua za vuli zilipoanza ikarudi palepale. Maji yenye nguvu huondoa kinachoonekana, ila mizizi ya kuvu imo ndani ya vitundu vya plasta. Kinachoiua ni dawa iliyoachwa ikae.

Kwa hiyo orodha yangu inaanzia chini, kwenye vitu vya bei ndogo, na sioni haya.

Namba 1: brashi ya mpini mrefu, ndoo mbili na mpira wa maji

Kwa nyumba nyingi hapa, hii inatosha. Nunua brashi ya nyuzi za plastiki, ile wanayotumia kuoshea malori na mabasi. Kabla hujalipa, isugue nyuma ya kiganja chako: ikikuchubua, itachubua na rangi. Brashi ya waya iache kabisa, kazi yake ni grili na geti lenye kutu. Mpini wa kurefushwa wa dukani ni mzuri, lakini ile pingili ya plastiki inayoushikilia huwa ndiyo ya kwanza kufa. Mti wa mkaratusi ulionyooka, brashi ikafungwa kwa skrubu mbili, umenifikisha kwenye ubao wa paa bila kupanda ngazi. Hilo si dogo kwa sisi tuliojenga mlimani, maana Mabatini au Igogo upande wa juu wa nyumba unafika kwa mkono, upande wa bonde ni ghorofa mbili, na ngazi ikisimama juu ya jiwe lenye maji haina rafiki.

Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia brashi. Sabuni ya maji ya kawaida inatosha. Lowesha ukuta kwanza, kisha paka sabuni kutoka chini kwenda juu, na suuza kutoka juu kwenda chini. Ukianza na sabuni juu, inachuruzika kwenye sehemu chafu ambayo hujaipaka bado na kuacha michirizi isiyofutika kirahisi. Fanya asubuhi, upande wenye kivuli, sabuni isikaukie ukutani.

Vijidudu vya ziwani vina kanuni yake. Usivifute vikiwa vibichi. Ukivipitishia kitambaa vinageuka uji wa kijani na doa linabaki. Subiri vikauke, vishushe na tando zake kwa ufagio, ndipo maji yafuate. Hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, vikipanda kutoka ziwani kama moshi, hivyo usipange siku ya kuosha kabla ya hapo. Siku hizo zima taa za nje. Ni njia ya usafi isiyouzwa dukani.

Namba 2: Jik na bomba la kupulizia

Hii ni ya kuvu na ukijani, na kwa ukuta wenye kuvu inaipita namba 1. Chupa moja ya Jik kwa tatu za maji, tone la sabuni ili mchanganyiko ushike ukuta, pulizia, acha dakika 10 hadi 15, sugua kidogo, suuza kwa maji mengi. Weusi unageuka kahawia, kisha unapotea mbele ya macho yako. Ukiona ukuta unataka kukauka kabla ya muda, pulizia tena. Changanya ya siku hiyo tu, maana ikikaa inapoteza nguvu, na juani ndiyo inaisha haraka zaidi.

Bomba la mkono la lita 2 linatosha baraza na ukuta mmoja. Kwa nyumba nzima chukua la mgongoni, la lita 16. Usukumani hakuna asiyelijua. Ndilo la kupulizia pamba. Na hapo ndipo penye hatari: usiazime lililokuwa shambani. Dawa ya wadudu haitoki kwa kusuuza mara moja, na ukuta wa baraza unaguswa na watoto. Nunua lako, liandike JIK kwa rangi, na baada ya kazi lipitishie maji safi kwa sababu klorini inakula mpira wa ndani.

Vaa glavu na miwani. Usichanganye Jik na siki, tindikali wala sabuni yoyote ya kuondoa madoa ya choo, kwani hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu. Maua na mchicha wa dirishani vimwagie maji kwanza na baadaye. Grili na bati zisuuze haraka. Na maji machafu yasielekee mtaroni. Mitaro yetu mingi inaishia mto Mirongo, na Mirongo inaishia ziwani, tunakovua na tunakochota.

Namba 3: kukodi mashine ya presha kwa siku moja

Pevingi, ngazi za zege, msingi wa mawe, geti: hapa mashine ni mfalme, na brashi itakuvunja mgongo bure. Lakini ikodi. Uwanja unaooshwa mara mbili kwa mwaka haudai mashine ya kudumu stoo.

Ili ujue unashika nini: tairi la gari dogo lina presha ya baa 2 na kidogo. Mashine ndogo ya umeme ya nyumbani inatoa kama baa 100 na zaidi. Kwa hiyo mwenye mashine akija, angalia kichwa cha bomba. Vingi vina rangi: chekundu ni digrii 0, sindano ya maji, hicho kirudishe kwenye boksi, cha njano ni 15, cha kijani 25, cheupe 40. Pevingi unaweza kuipiga kwa kijani. Kama huna budi kuzigusa kuta, tumia cheupe, simama mbali, zaidi ya nusu mita, na usielekeze maji juu kuelekea paa wala kwenye fremu za madirisha. Plasta ambayo haijafikisha mwezi isiguswe. Rangi ya zamani ipime kwa kiganja: ukipapasa ukatoka na unga mweupe, mashine itaibeba.

Namba 4: kuinunua

Inaeleweka kama una nyumba za kupangisha, gari na uwanja mkubwa. Maji haili sana kama watu wanavyodhani. Kwa lita 7 kwa dakika ni lita 420 kwa saa, wakati mpira ulioachwa wazi kwa lita 15 unafika 900. Umeme, mashine ya wati 1,800 ni chini kidogo ya uniti 2 kwa saa.

Swali la kuuliza Mwanza ni jingine: inaweza kuvuta maji yenyewe kwenye ndoo au tanki? Nyingi za bei rahisi zinataka bomba lenye msukumo. Siku ya mgao, au tanki lako likiwa chini, pampu inazunguka kavu na kufa. Uliza pia kama silu, zile za kuzuia maji yasivuje, na mpira wake vinapatikana mjini. Muuzaji akikujibu "tutaagiza", mwache aiagize yeye. Na kama unavuta maji ya ziwani moja kwa moja, weka chujio, mchanga na mwani vitaimaliza mapema.

Za mwisho

Tindikali ya dukani inang'arisha zege kwa sababu inaila saruji, na kwenye bati inaondoa ile ngozi ya zinki. Siiwekei namba. Kupaka rangi juu ya kuvu nako si usafi. Ni kuificha mpaka vuli.

Bati, hasa ya msauzi yenye rangi, inataka brashi laini na sabuni tu. Kinyesi cha korongo kiloweke kwanza kwa kitambaa chenye maji, usikikwangue. Kama unavuna maji ya mvua, chomoa bomba la kwenda kwenye simtanki kabla hujaanza, na lirudishe baada ya mvua ya kwanza kulisuuza paa.

Ukimpa kijana kazi nzima, patana kwa kazi, si kwa saa, na mkubaliane Jik na sabuni ananunua nani. Kisha usimwanzishe mbele ya nyumba. Mpe ukuta wa nyuma, ule wa upande wa choo, uache ukauke hadi kesho yake, ndipo umwambie aendelee au mwagane kwa amani.