Chekechea ya Langoni kwa mtoto mwenye mahitaji maalum: tathmini ya mlezi

Wazazi wa Lamu wenye mtoto aliyechelewa kusema, mwenye hasira za ghafla au asiyetulia pamoja na wenzake huulizana faraghani wapi pa kumpeleka, kwa kuwa si mara moja mtoto wa namna hiyo amepokewa shuleni kwa furaha kisha, kabla ya muhula kwisha, akarudishwa nyumbani kwa maneno matamu. Chekechea ninayoitathmini hapa ni ndogo, ya kulipia, iko Langoni, na ina madarasa ya PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya elimu ya awali kabla ya shule ya msingi, pamoja na chumba cha watoto wa miaka mitatu. Mpwa wangu ninayemlea anasoma hapo. Naipendekeza, ingawa si kwa kila mtoto.

Jambo linaloitofautisha na nyingine nilizozijua ni daftari. Kila mtoto anayesumbua ana kurasa zake zilizopigwa mistari ya safu tatu: kilichotangulia, alichokifanya mtoto, na kilichofuata. Mwalimu haandiki kwamba mtoto ni mtundu au ana kiburi. Anaandika saa, mahali, aliyekuwa karibu na kilichotokea. Kurasa za mpwa wangu, aliyekuwa akiwauma wenzake, zilionyesha kwamba karibu kila mara aliuma kwenye foleni ya kunawa mikono kabla ya uji, na kwamba kila alipouma aliondolewa foleni na kukalishwa peke yake barazani. Kwa mtoto asiyependa kubanwa na asiye na maneno ya kusema hivyo, ile iliyodhaniwa kuwa adhabu ilikuwa ndiyo haja yake hasa. Walimu hawakuongeza ukali. Walimpa nafasi ya mwisho kwenye foleni, wakamfundisha kuinua kiganja kuashiria kwamba anataka nafasi, na kila alipokiinua mwalimu alimsogeza pembeni papo hapo na kumwambia waziwazi, "Umeomba vizuri, mwanangu." Kuuma kulipungua, hakukukoma kwa siku moja, na mwalimu mkuu alikuwa amenitahadharisha kwamba huenda kukazidi kwanza, kwa kuwa njia iliyomfaa mtoto zamani haachi kuijaribu mpaka ahakikishe kwamba haimfai tena.

Ratiba ya siku haikuandikwa kwa maneno. Imetundikwa kwa picha kwenye kamba iliyofungwa usawa wa macho ya mtoto, na kila picha imeshikwa kwa kibanio cha nguo. Picha ni za shule yenyewe: jamvi la hadithi, vikombe vya uji, bomba la maji, mlango wa kutokea. Shughuli ikimalizika, mtoto huchomoa kadi yake na kuitia katika kikapu cha miyaa kilicho chini. Kabla ya kubadilisha shughuli, mwalimu hupiga twari, kigoma kidogo cha mkononi, polepole, ila kwa mtoto anayeziba masikio hata punda akilia uchochoroni, humwendea kwanza na kumwonyesha kadi kabla ya sauti kuanza. Sheria za darasa ni chache na zote zinamwambia mtoto afanye nini, kwa mfano kutembea ndani na kushika kwa upole, badala ya kumkataza tu. Bakora sikuiona, wala haipaswi kuwapo, kwa maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko.

Katika usajili walinipendeza kwa kutokukimbilia kumpa mtoto jina la ugonjwa. Mtoto asiyeitika akiitwa, hutaka kwanza apimwe masikio hospitalini, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hufanana sana na mkaidi. Baadaye humwelekeza mzazi kwenye kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, huduma iliyoanza nchini mwaka 1984. Familia zinazomsomea mtoto au kumnywesha kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, hazidharauliwi. Huambiwa tu kwamba kisomo hakizuii kipimo, na kipimo hakizuii kisomo. Mmoja wa walimu amesomea elimu maalum katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, na tofauti yake na wenzake inaonekana.

Hapo ndipo kasoro zinapoanzia. Mwalimu huyo asipokuwapo, msaidizi wa zamu hulisahau daftari, hupaza sauti, na siku hiyo mpwa wangu hurudi nyumbani amevurugika. Mpango unaomtegemea mtu mmoja haujawa mpango wa shule, na nimewaeleza hivyo ana kwa ana. Kona ya utulivu, yenye mto na vitabu vya kitambaa, ni nzuri, lakini nimemwona msaidizi akiitumia kama mahali pa kumfungia mtoto aliyekosa, jambo linaloiharibia maana yake kabisa.

Kasoro kubwa zaidi ni jengo. Ni nyumba ya mawe ya zamani, ya kizingiti kirefu, darasa la PP2 liko juu, na ngazi yake ni nyembamba na kali kama zilivyo nyingi za mji huu. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, au mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kupanda, atabebwa kila siku, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa haki kubwa kuliko kubebwa. Najua majengo ya mji wa kale hayabomolewi ovyo, lakini kushusha PP2 chini hakuhitaji kibali cha mtu yeyote. Mtaalamu wa tiba ya usemi hawana pia, na wanasema hivyo bila kuficha.

Ada ni kubwa kuliko ya chekechea za kaunti, ila hupokelewa kwa awamu. Kwa watoto wanaokwenda chuo cha Kurani alasiri, shule hutoa nakala za kadi ili maalimu azitumie nao. Wetu alizipokea kwa shaka, na sasa amezitundika ukutani.

Nashauri mtoto mwenye tatizo la usemi, tabia au utulivu apelekwe hapo, na asiyeweza kupanda ngazi asipelekwe mpaka madarasa yapangwe upya. Muhula wa kwanza huanza Januari, nao hupenda mzazi afike mapema na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Kabla ya kulipa, omba kukaa darasani asubuhi moja, na uulize ni nani atakayelishika daftari mwalimu yule akiwa likizoni.