Lenzi ya Kubana kwenye Simu kwa Picha za Mabuu ya Majini

Lenzi hii ndogo, niliyoinunua katika duka la vifaa vya simu mjini Kisumu, imenionyesha mabuu ya kereng'ende kwa uwazi ambao sikuutarajia. Niliyachota katika kidimbwi karibu na Dunga, nikayaweka kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, nikashuhudia mdomo wa chini, ambao hukunjwa chini ya kichwa, ukichomoka ghafla kumnasa kiluwiluwi wa mbu. Ni ajabu ya kweli. Kingo za picha hufifia, na simu hulazimika kukaribia maji mno. Hata hivyo, kwa viluwiluwi vya Anopheles (mbu waenezao malaria), ambavyo hulala sambamba na uso wa maji na hivyo kutulia mbele ya lenzi, inafaa sana.