Bomba la hewa baridi lililokuwa likivuta moto: uzoefu wangu na Mark X

Nina Mark X ya 2006, ile GRX120 yenye injini ya 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 215, na kwa mtu anayetoka Mbezi kwenda Posta kila asubuhi hao farasi wengi wanashinda wamelala kwenye foleni. Hilo nalijua. Lakini gari ikishakuingia kichwani hoja hazisaidii. Nilikuwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar es Salaam, natafuta plagi, nikaliona bomba la alumini la kuingizia hewa kwenye injini, linang'aa, na kichujio chekundu cha umbo la koni. Kwenye kasha wameandika linaongeza farasi 15.

"Linaingia Mark X?"

"Linaingia, bosi wangu. Unafunga mwenyewe, gereji huendi."

Nikatoa shilingi 190,000.

Kulifunga kweli hakukunishinda. Jumamosi asubuhi, injini ikiwa imelala baridi, nikashika spana namba 10, bisibisi ya nyota na koleo. Kwanza terminali hasi ya betri. Kisha nikachomoa soketi ya sensa ya hewa, nikalegeza klipu za mpira unaoingia kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini, nikanyanyua boksi zima la ea klina. Lile boksi ukilishika mkononi unaanza kuliheshimu: plastiki nene, na mdomo wake unavuta hewa mbele kabisa, nyuma ya grili, mbali na joto la injini. Wajapani walishafanya kazi ambayo mimi nilikuwa nalipia upya. Sikulifikiria hilo siku ile.

Sensa ya hewa ndiyo ya kuangalia kuliko vyote. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inapima umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake, ndipo inajua hewa kiasi gani imeingia na petroli kiasi gani imwagwe. Kwa hiyo upana wa bomba pale inapokaa si wa kubahatisha. Bomba likiwa pana kuliko la asili, hewa inapita polepole mbele ya waya, sensa inasoma pungufu, na injini inapewa petroli pungufu. Nilipima upana wa mabomba yote mawili kwa venia kabla ya kukaza chochote, na kwa bahati yalilingana. Zile skrubu mbili za sensa nilizifungua taratibu, waya sikuugusa, na nilihakikisha mshale wa upande wa hewa umeelekea injini.

Nikawasha. Ukikanyaga mafuta unasikia mngurumo mzito unatoka chini ya boneti, na hapo nakiri nilicheka peke yangu. Mke wangu alitoka nje akauliza kama ekzosi imetoboka.

Siku ya tatu taa ya injini ikawaka. Nina kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD2, ile ya kusomea hitilafu za gari, chini ya usukani, nikasoma kwenye simu: P0171, yaani hewa imezidi petroli. Fundi mmoja mtaani, bila hata kufungua boneti, akaniambia sensa za oksijeni zimekufa, nilete hela akanunue. Nikamshukuru nikarudi nyumbani. Gari ikiwa imewashwa tu bila kukanyaga mafuta kulikuwa na kamluzi kembamba, nikakafuata kwa sikio mpaka kwenye mpira wa pumzi, ule unaotoa mvuke wa oili kwenye injini na kuurudisha kwenye bomba. Kitobo cha kuuchomekea kwenye bomba jipya kilikuwa kipana kidogo na mpira haukukaa sawa. Nilipomimina maji ya sabuni pale, mluzi ukakatika. Hewa ilikuwa inaingilia pale, baada ya sensa, bila kuhesabiwa. Mpira mpya na klipu mbili: shilingi 6,000. Nikaifuta ile P0171 kwa simu, taa haijarudi.

Nilipokuwa nacho kile kifaa nikaanza kuangalia joto la hewa inayoingia, na hapo ndipo raha ikaisha. Kwa boksi la asili, kwenye foleni ya Kimara saa nane mchana, nilikuwa nasoma nyuzi 46. Kwa bomba jipya, foleni ileile: nyuzi 63. Koni imekaa wazi karibu na rejeta, feni inaipulizia joto, na alumini yenyewe inapata moto kuliko plastiki. Hewa ya moto ni nyepesi, na tofauti hiyo ni kama asilimia 5 ya hewa iliyopotea. Nimelipa laki na tisini kupunguza farasi.

Sikukubali. Nilikata umbo kwa karatasi ngumu, nikampelekea fundi bati anikunjie kizuizi cha alumini kinachoitenga koni na injini, kingo zake nikazivisha mpira wa mlango, na ule mdomo wa asili wa kwenye grili nikaurudisha umwage hewa ndani ya hicho chumba. Shilingi 35,000 na Jumapili nzima. Sasa foleni inasoma 51, na nikifika spidi 80 inashuka hadi 35, ambayo ni ileile ya boksi la asili. Ndiyo, ileile.

Mafuta hayajabadilika. Nilijaza tenki mara nne nikipiga hesabu, ni kilomita 9 kwa lita kama zamani, kwa sababu hewa ikiongezeka kontrol boksi inaongeza na petroli. Nguvu? Labda juu kabisa, mguu ukiwa umezama, lakini sina mashine ya kupimia na sitawaongopea. Sauti naipa nyota tano, bomba lenyewe mbili.

Yule muuzaji alikuwa pia na bomba refu linaloshusha kichujio mpaka nyuma ya bampa. Huko kweli hewa ni ya baridi. Lakini mimi napita bonde la Jangwani, na Mto Msimbazi ukifurika barabara pale inajaa maji, wote mnajua. Kichujio kikizama injini inavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa: pistoni inapanda, inagonga, koni rodi, kile chuma kinachoisukuma pistoni, inapinda. Ile sikuigusa.

Koni nayo inashika vumbi jekundu la huku kwetu haraka mno, naiosha kila mwezi. Ni ya kupakwa oili, na oili ikizidi inarukia ule waya wa sensa, kwa hiyo naipaka kidogo na kuiacha usiku kucha ikauke.

Boksi la asili nimelifunga kwenye mfuko, liko uvunguni. Masika yakianza linarudi garini.