Hebcal kwa anayeshika Sabato Kisumu: hesabu ni sahihi, mipangilio ndiyo huharibu

Jumuiya ndogo ya Kiyahudi iliyo mbali na rabi inaweza kukosa jengo, ikakosa kunjo la Torati, ikakosa hata divai, na bado ikaendelea kuwapo. Ikikosa kalenda, imekwisha. Watu wasipokubaliana Sabato inaingia dakika gani na Pasaka ni usiku upi, zinabaki familia zinazosali kila moja kivyake.

Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, ng'ambo tu ya Malaba, walilijua hilo mapema. Semei Kakungulu aliianzisha jumuiya yao mwaka 1919, na mwaka 1920 akapita kwao Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha majira ya sikukuu. Kalenda iliwafikia kwa miguu ya mtu mmoja. Leo inafika kwa simu, bila malipo, kupitia hebcal.com, tovuti ya kalenda ya Kiyahudi, na huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa kwa matumizi ya Kisumu na miji ya jirani.

Uamuzi kwanza: itumieni. Hesabu yake ya miezi, ya miaka mirefu (yenye mwezi wa kumi na tatu) na ya mafungu ya Torati yanayosomwa kila Sabato inategemewa. Makosa karibu yote huingia kwa mkono wa mtumiaji.

Kosa la kwanza ni kuchagua Nairobi. Kisumu iko digrii 2 hivi magharibi ya Nairobi, na kila digrii moja ya longitudo ni dakika 4, kwa hiyo jua huzama Kisumu dakika 8 baadaye. Jioni ya Ijumaa haidhuru: mishumaa ya kuikaribisha Sabato itawashwa mapema kidogo, na kuiongeza Sabato upande wa mbele ni jambo jema. Jioni ya Jumamosi ndipo shida ilipo, maana mtu atawasha moto na kushika simu dakika 8 kabla Sabato haijatoka. Nakuru hutangulia Kisumu kwa dakika 5, Eldoret kwa 2, na Busia huchelewa kwa dakika 2 au 3. Weka mji wako, au andika latitudo na longitudo yake mwenyewe.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kwa kuwa tuko kwenye ikweta, saa moja inatosha mwaka mzima. Urefu wa mchana ni kweli haubadiliki sana, lakini mchana wote husogea mbele na nyuma. Kisumu jua huzama saa 12 na dakika 28 jioni mwanzoni mwa Novemba, na saa 12 na dakika 58 katikati ya Februari. Nusu saa nzima! Karatasi ya Novemba iliyoachwa ukutani itawatoa watu kwenye Sabato ya Februari mara tu jua linapozama ziwani, nyota zikiwa bado kabisa. Hebcal huweka mishumaa dakika 18 kabla ya machweo, na desturi hiyo ndiyo ya wengi, iacheni hivyo.

Kwa kutoka kwa Sabato, chaguo la kawaida la Hebcal ni jua kufika digrii 8.5 chini ya upeo wa macho, yaani nyota tatu ndogo zinapoonekana. Jua letu huzama likienda chini moja kwa moja, halitambai upande kama la Ulaya, na giza huja upesi: digrii 8.5 Kisumu ni dakika 31 hadi 33 baada ya machweo. Ukiweka dakika 42, 50 au 72 unafuata desturi kali zaidi, na hilo ni halali. La muhimu ni jumuiya iamue moja. Nyumba moja ikifuata 33 na jirani yake 72, Havdala ya pamoja, yaani sala ya kuiaga Sabato, imekufa.

Hebcal huonyesha saa za kizungu, na tangazo la WhatsApp lenye 6:23 husomwa saa sita na wengine, hasa wazee. Geuzeni kabla ya kutuma. Ila kwa jambo hili Kiswahili chenyewe kiko karibu na Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kuliko Kiingereza. Mishna inaruhusu sala ya Shema ya asubuhi mpaka mwisho wa saa tatu, zikihesabiwa tangu jua kuchomoza. Mmarekani lazima aelezwe hizo ni saa gani. Mswahili anajua saa tatu ni saa tatu. Kwa vile jua la Kisumu huchomoza dakika 20 hadi 50 hivi baada ya saa 12, ukurasa wa nyakati za sala utakupa mwisho kati ya saa 3 na dakika 23 na saa 4 kasoro dakika 6. Na msemo wa "usiku wa kuamkia Jumamosi" unaeleza usiku wa Sabato bila maelezo ya ziada. Utumieni kwenye matangazo.

Angalieni pia chaguo la Israeli dhidi ya nchi za nje. Kalenda zinazosambazwa kutoka Israeli huleta fujo hapa. Mwaka 2026 siku ya pili ya Sikukuu ya Majuma inaangukia Jumamosi, tarehe 23 Mei. Israeli haina siku hiyo ya pili, kwa hiyo Jumamosi hiyo wanaendelea na fungu la Naso. Sisi tunasoma la sikukuu, kisha tunabaki nyuma kwa fungu moja hadi tarehe 27 Juni, tunapounganisha Hukat na Balak. Kikundi chenye mpangilio usio sahihi kitasoma fungu lisilo lake kwa zaidi ya mwezi.

Kuna mahali ambapo Hebcal hutoa saa bila kusema la kufanya. Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya wa Kiyahudi, ya mwaka 5787 inaingia Ijumaa tarehe 11 Septemba 2026, mishumaa ikiwashwa Kisumu karibu saa 12 na dakika 23 jioni. Usiku wa pili ni Jumamosi, na mishumaa huwashwa baada ya nyota, karibu saa 1 na dakika 12, kutoka kwenye moto uliokuwapo, maana kiberiti hakiwashwi. Moto huo uwe umewaka tangu Ijumaa, saa 25 bila kuongezwa mafuta. Chemli iliyojazwa na kuteremshwa utambi inaweza kufaa, lakini ijaribuni siku ya kawaida kwanza mwone kama inafika saa 26. Tena, siku ya kwanza ikiwa Sabato, baragumu ya Mwaka Mpya hailii; italia Jumapili.

Kwa kuwa simu hulala Sabato, pakueni PDF, mchapishe saibani ukurasa mmoja kwa kila mwezi na kuubandika panapoonekana. Kiswahili hakimo kwenye huduma hii, nayo ni dosari kubwa kwetu. Majina ya sikukuu itabidi kuandikwa kwa kalamu pembeni.

Sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote ni ya kumbukumbu za marehemu. Unaingiza tarehe ya kifo, na kuna kisanduku cha kuonyesha kama kilitokea baada ya machweo. Chukua mtu aliyefariki tarehe 8 Machi 2024 saa mbili usiku. Kabla ya machweo ilikuwa 28 Adari ya Kwanza, maana katika mwaka mrefu mwezi wa Adari huja mara mbili. Saa mbili usiku tayari ni 29, kwani siku ya Kiyahudi huanza machweo. Mwaka uliofuata haukuwa na Adari mbili, basi kumbukumbu yake ikawa tarehe 29 Machi 2025, ikianza usiku wa kuamkia siku hiyo. Wiki tatu baada ya tarehe ambayo familia ingeikariri. Kisanduku kikisahaulika, itasogea tena siku moja.

Kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu, inahitaji watu 10: wanaume pekee kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanawake wakihesabiwa kwa jumuiya nyingi za mkondo wa Konservativ. Kuwapata 10 katika kaunti zetu ni simu nyingi na nauli za matatu kutoka miji mitatu, na wakija usiku usio wenyewe, hakuna wa kuwarudisha kesho. Kwa hiyo tarehe hiyo iingizwe na watu wawili, mmoja akisoma cheti cha kifo kwa sauti, saa ikiwemo.