Sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo: unga, vidonge au jeli?

Kabla hujatoa hela, pima maji yako. Chukua chupa ndogo safi, ijaze nusu kwa maji ya bomba, kwangulia humo sabuni kidogo ya mche, kisha itikise. Povu likipanda na kubaki, maji ni laini. Likiwa haba na maji yakageuka meupe kama yaliyooshea mchele, ni maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Kwa visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama vile vingi vya Mombasa, tarajia jibu la pili, maana mwamba ule ni chokaa. Nairobi, anayepata maji ya bwawa la Ndakaini, yanayotoka mito ya Aberdare, ana maji laini, lakini jirani yake anayetumia kisima cha jengo huenda ana maji tofauti kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa sabuni ya unga, na sababu yangu ni moja: unga unapimika. Siku ya sahani sita na vikombe unatia kidogo, siku ya sahani za pilau zilizoganda mafuta unaongeza. Maji yakiwa magumu unapandisha, yakiwa laini unashusha. Hata hesabu yake ni nyepesi: ukitumia gramu 20 kila unapoosha, kilo moja inakupa awamu 50. Gawanya bei ya pakiti kwa idadi ya awamu, ndipo ulinganishe na vidonge. Tatizo la unga ni unyevu. Pwani hugeuka jiwe ndani ya pakiti, basi uhamishie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, ubandike jina juu yake, na usiuweke karibu na jiko.

Nafasi ya pili ni vidonge. Ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi zaidi madukani, na vinaosha vizuri sana. Vile vilivyovikwa ngozi laini huyeyuka kwa maji, kwa hiyo vishike kwa mkono mkavu na usivitupe kwenye kikapu cha vijiko. Vikikaa hapo, maji ya suuza ya mwanzo yatavimaliza na kwenda navyo kwenye bomba la maji machafu. Mahali pake ni kwenye kikasha cha mlangoni, na kikasha chenyewe kiwe kikavu. Nyumba yenye watoto wadogo, vifungie juu kabisa. Vina rangi za peremende, na ndani yake mna sabuni kali ya kuunguza mdomo na macho. Upungufu wake mwingine ni kwamba kidonge ni kipimo kimoja, mashine ijae au isijae.

Jeli naiweka mwisho. Unga na vidonge vizuri huwa na vimeng'enya vya kuvunja protini na wanga, pamoja na blichi ya oksijeni, inayoondoa madoa kama ya chai. Vimeng'enya na blichi havikai vizuri pamoja ndani ya majimaji, ndiyo maana jeli nyingi hazina blichi. Sahani zitatoka safi, lakini vikombe vitabaki na duara la kahawia la chai, na nyumba zetu ni za chai asubuhi na jioni.

Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono haina nafasi hapa, hata tone moja. Povu lake huifanya pampu inyonye hewa badala ya maji, vyombo vikabaki vichafu na sakafu ikalowa.

Kwenye maji magumu sabuni peke yake haitoshi. Tangu 1 Januari 2017 Umoja wa Ulaya umebana fosfati, iliyokuwa ikidhibiti chokaa, katika sabuni hizi za nyumbani, hivyo mwenye pakiti iliyoletwa kutoka huko anahitaji msaada zaidi. Tazama chini ndani ya mashine: ukiona kifuniko cha tangi la chumvi, nunua chumvi ya mashine, ile ya chembe kubwa, inayoisaidia mashine kulainisha maji. Usitie chumvi ya mezani, maana ina madini joto na vitu vya kuzuia isigande. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina tangi hilo. Ongeza na dawa ya kung'arisha, ambayo hufanya maji yateleze juu ya glasi bila kuacha madoa.

Sasa vyombo. Usivioshe kabla. Kwangua mifupa, punje za wali na maganda, basi. Vimeng'enya vinataka uchafu wa kufanyia kazi. Ugali uliokauka ndio pekee ninaouloweka kwanza. Bakuli ziinamishe zitazame chini, na zungusha mkono wa kurushia maji kwa kidole uone kama haugongi kitu. Sufuria za alumini zitoe, sabuni hii huzifanya nyeusi. Mwiko, mbuzi ya nazi, chungu cha udongo, chupa ya chai na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vyote hivyo vioshwe kwa mkono. Chujio lisafishe kila wiki.

Anza na pakiti ndogo kuliko zote. Baada ya awamu kadhaa, inua glasi kwenye mwanga. Ukiona ukungu mweupe, ufute kwa siki. Ukitoka, ni chokaa: ongeza chumvi au sabuni kidogo. Usipotoka, glasi yenyewe imeanza kulika, jambo linalotokea zaidi pale maji laini yanapokutana na sabuni nyingi. Ukungu huo hauondoki tena, lakini glasi zilizobaki utaziokoa ukipunguza kipimo kuanzia awamu inayofuata.