Nyumba ya wageni Mikindani: vyumba vichache, ukuta mnene

Anayetafuta kiyoyozi na bwawa la kuogelea hatavipata katika nyumba hii ya wageni iliyoko mtaa wa nyuma huko Mikindani, mwendo mfupi wa daladala kutoka Mtwara mjini, wala wenyewe hawaviahidi. Wanachokodisha ni vyumba vichache ndani ya nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo imekarabatiwa badala ya kubomolewa kupisha jengo jipya la saruji.

Chumba ni chembamba, kwa kuwa wajenzi wa zamani walifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Hata hivyo ukuta wake mnene huchelewesha joto la mchana kiasi kwamba feni moja ilinitosha hata saa nane, jua likiwa kali. Huu ndio utoshelevu uliotajwa katika ripoti ya mwaka 2022 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, yaani kuepuka mahitaji ya nishati, malighafi, ardhi na maji huku watu wote wakiishi vizuri bila kuielemea dunia. Kiyoyozi kinachotumia umeme kidogo ni afadhali, lakini nyumba isiyokihitaji kabisa ni bora zaidi. Hapa kwetu hoja hiyo ya kuepuka kisichohitajika ina uzito wake hata katika ujenzi: mji wa Mtwara ulipimwa viwanja kwa matumaini ya mradi wa karanga wa miaka ya 1940, mradi ukafa, yalipokuja matumaini ya gesi, watu wakajenga tena vyumba kwa ajili ya wageni ambao wengi wao hawakufika.

Dosari ipo, tena ya kukera. Bafuni, fundi amepiga lipu ya saruji juu ya chokaa, na unyevu uliokuwa ukipumua kupitia chokaa sasa umenaswa ukutani; rangi imevimba, na ukiigusa kwa kidole inabanduka pamoja na mchanga. Mwenye nyumba aliyeokoa jengo zima hakupaswa kubania chokaa ya ukuta mmoja.

Maji ni ya ndoo na kata, nami sikuyaona kuwa pungufu. Chai ya asubuhi huja na mihogo ya kuchemsha, ya moto, na bei ya chumba ni ya haki. Ngazi ni kali na haina pa kushikilia, jambo ambalo siwezi kulisamehe kwa jina la utoshelevu; wazee waombe mapema chumba cha chini, kwani kipo kimoja tu.